Sikitu na Foleni ya "Wasiliana Nasi"

Nchi yenyewe sitaitaja. Si kwamba naogopa, la. Wenyewe hawapendi kutajwa na mtu ambaye hajawaandikia ujumbe kwanza, na mimi nimewaandikia ila bado hawajanifikia. Inatosha kujua kwamba ilikuwa nchi ya amani, yenye bendera iliyofuliwa vizuri na Wizara ya Mawasiliano Yaliyopokelewa. Jengo la wizara hiyo lilikuwa refu kuliko hospitali zote za nchi zikibebeshwa moja juu ya nyingine.

Katika mji mmoja wa nchi hiyo aliishi Hidaya Mkwizu, fundi wa miguu ya bandia. Ufundi aliupata kwa marehemu mumewe, na mume alipoondoka, karakana ikabaki mikononi mwake. Alikuwa mama wa maneno machache. Mtu akija akichechemea, Bi Hidaya humtazama kwanza anavyokanyaga, kisha ndipo humsalimu. Watu walitoka mbali kumfuata. Waligonga mlango, wakapimwa, wakarudi baada ya siku kadhaa, wakaondoka wima. Mambo yalikuwa rahisi namna hiyo, na ndiyo maana Serikali ikaingiwa na wasiwasi.

Waziri wa wizara ile ndefu, Mheshimiwa Profesa Balthazari Ndimbo, akaitisha mkutano kiwanjani.

"Ndugu wananchi," akasema, "tangu tupate uhuru tumekuwa tukijiuliza: je, biashara zetu zinastawi? Tukawa hatuna jibu. Leo ninalo! Biashara inayoandikiwa ni biashara inayopendwa. Basi hatutahesabu tena bidhaa, maana bidhaa huisha. Tutahesabu ujumbe!"

Watu wakapiga makofi, kwa kuwa jua lilikuwa kali na makofi huharakisha hotuba.

"Simu haiachi alama," Waziri akaendelea. "Mteja anayegonga mlango haachi alama. Kwa hiyo anayegonga mlango ni mhujumu wa takwimu!"

Sheria ikapita kabla kiti cha Waziri hakijapoa. Kila biashara, hata ya kukaanga mihogo, iwe na tovuti. Kila tovuti iwe na kisanduku kilichoandikwa "Wasiliana Nasi". Mteja asihudumiwe kabla ujumbe wake haujafikiwa. Ujumbe wote ujibiwe kwa adabu, na ujibiwe kwa foleni, wa kwanza kufika wa kwanza kujibiwa, bila upendeleo. Juu ya kila mlango wa biashara kikabandikwa kibao: KILA UJUMBE NI RAIA.

Bi Hidaya akatengenezewa tovuti. Ilikuwa nzuri, ina picha ya mguu. Siku ya kwanza akapokea ujumbe mmoja, akaufungua kwa furaha.

"Habari mmiliki! Jina langu ni Kelvin. Nimeipitia tovuti yako nzuri sana ya WEKA JINA LA BIASHARA HAPA, nikasikitika kuona haionekani ukurasa wa kwanza. Naweza kukusaidia. Uko tayari kukua?"

Bi Hidaya akajibu kwa adabu kwamba anashukuru, na kwamba hayuko tayari. Kumbe kumjibu Kelvin ni kama kuwamwagia sisimizi maji ya sukari. Kesho yake Kelvin aliandika tena, na tena, na akaja na jamaa zake. Alikuwemo mjane wa jenerali aliyetaka kumwachia urithi. Alikuwemo bwana wa mikopo isiyo na dhamana, na mganga wa nguvu za kiume. Alikuwemo pia muuza viatu vya michezo, jozi kwa jozi, ambaye hakujua kwamba wateja wengi wa karakana ile hununua kiatu kimoja. Wote walikuwa raia, na wote walipaswa kujibiwa.

*

Hali ilikuwa hivyo asubuhi waliyofika Lameck Mangesho na binti yake.

Lameck alikuwa mwashi kutoka wilaya ya mbali. Alimbeba mtoto mgongoni, na mtoto mwenyewe, Sikitu, alikuwa na umri wa kuanza kung'oka meno ya mbele. Mguu wake wa kulia uliishia chini kidogo ya goti.

"Pole, mwanangu," Bi Hidaya akasema. "Umepatwa na nini?"

"Hospitali," Sikitu akajibu.

"Walikukata hospitali?"

"Hapana. Hospitali ndiyo iliniangukia."

Baba yake akafafanua. Wilayani kwao Mkuu wa Nchi alikuja kuweka jiwe la msingi la hospitali, na watoto wa shule wakapangwa mbele kuimba. Jiwe lilikuwa lilelile linalozungushwa wilaya zote kwa gari, kwa kuwa lilichongwa vizuri na lingekuwa hasara kuliacha mahali pamoja. Sasa, katika kupandishwa na kushushwa kwingi, kamba yake ilikuwa imechakaa. Lilipomdondokea Sikitu wakatafuta hospitali ya kumkimbiza. Ya karibu ilikuwa bado ni jiwe.

Bi Hidaya alipiga magoti, akalishika gutu la mguu, akalibonyeza taratibu. Lilikuwa limepona vizuri. Mguu wa mtoto huyu ungekuwa kazi ya siku chache tu. Akanyoosha mkono kuchukua futi kamba, halafu macho yake yakapanda kwenye kibao.

"Baba Sikitu, umeniandikia?"

"Kukuandikia nini, mama? Si nimekuja mwenyewe?"

"Ndiyo, umekuja. Lakini bado hujafika."

Akamweleza sheria. Lameck alisikiliza mdomo wazi, kisha, kwa kuwa alikuwa raia mwema, akatoa simu yake mfukoni, akaketi kwenye benchi la karakana, akaandika ujumbe kwenye kisanduku. Aliandika jina la mtoto, umri, urefu wa muundi wa mguu uliobaki kama walivyompima pale pale, na mwisho akaandika: "Tafadhali tupo hapa nje." Akabonyeza. Ndani, kompyuta ya Bi Hidaya ikalia ting! Wote watatu wakatabasamu.

Bi Hidaya akaenda kutazama. Ujumbe wa Lameck ulikuwa umesimama nyuma ya Kelvin, nyuma ya mjane wa jenerali, nyuma ya maelfu ya raia wengine wasio na miguu wala vichwa.

"Itachukua muda," akasema, na hakuthubutu kumtazama mtoto.

Akawapa chumba cha stoo walale. Mchana Lameck alipata vibarua vya kupiga lipu kwa majirani, na Sikitu alishinda benchini na fimbo yake ya mpera, akimtazama Bi Hidaya anavyojibu barua za mashine. "Asante kwa ujumbe wako, tutakushughulikia punde." Wiki zikapita, zikawa miezi. Alipojibu mmoja, waliingia wawili, ila walioingia walisimama nyuma, kwa hiyo foleni ya mbele ilipungua kidogo kidogo, kama mlima unaochotwa kwa kijiko cha chai.

"Kelvin ni nani?" Sikitu akauliza siku moja.

"Sijui."

"Ana mguu?"

"Sidhani."

"Basi na yeye anasubiri mguu," Sikitu akasema, akamwonea Kelvin huruma.

*

Kwanza Bi Hidaya alijaribu fumbo. Fundi kompyuta wa mtaa, Bwana Shukuru, alimwekea picha mbele ya kisanduku: anayetaka kuandika achague kwanza picha zote zenye baiskeli, ili ijulikane kwamba ni mtu.

Lameck akaombwa ajaribu. Akazikodolea macho picha.

"Hapa pana gurudumu tupu. Gurudumu tupu ni baiskeli?"

"Unaonaje wewe?" Shukuru akauliza.

"Kwetu, ukikuta gurudumu tupu ujue baiskeli imeibiwa. Kwa hiyo ilikuwa baiskeli."

Akabonyeza, mashine ikamwambia kwamba yeye si mtu. Akarudia, ikamwambia tena. Wakati huo Kelvin alishapita, na mjane wa jenerali alishapita, na muuza viatu alipita kwa alama za juu kabisa.

Jioni ile ile akafika Bwana Gaudensi Mpinga, Mkaguzi wa Adabu ya Majibu. Alikuwa mtu mpole, mwenye mkoba, ambaye hakuwahi kumpandishia mtu sauti wala kumshushia adhabu.

"Bi Hidaya," akasema kwa masikitiko, "tumesikia unauliza raia maswali mlangoni."

"Nauliza kama ni watu, mzee."

"Ndiyo ubaguzi wenyewe huo."

Fumbo likaondolewa. Shukuru akaja na ujanja mwingine. "Nitaweka kisanduku cha pili kisichoonekana kwa macho," akanong'ona. "Mtu hakioni, basi hakijazi. Mashine haina macho, ina pupa, inajaza kila tundu inalolikuta. Ukikuta kimejazwa, ujue huyo si mtu, msogeze kando. Humfuti, humkatai. Unamkaribisha kwenye foleni yake."

Hapo pakawa na miujiza. Asubuhi Bi Hidaya alifungua kompyuta akakuta wageni wapya wote wamejipanga kando wenyewe, kama mbuzi zizini. Alicheka kwa sauti, mpaka Lameck akatoka stoo na mwiko mkononi kuona kuna nini. Lakini kicheko hakikufika mchana. Gari la wizara lilisimama nje, na Bwana Mpinga akashuka, safari hii akiwa na wenzake wawili.

"Umeziba njia ya ujumbe wa Serikali," akasema. "Tafadhali panda."

*

Katika jengo refu, ofisa mmoja mwenye tai pana alimkalisha Bi Hidaya kwenye kiti kifupi.

"Katika mtego wako umemnasa nani?"

"Mashine, baba. Takataka tu."

"Umeinasa Wizara," ofisa akasema. "Unadhani hao wote wanatoka wapi? Serikali inayojali wananchi inaweza kukaa ikasubiri watu waandikiwe na watu? Watu ni wavivu! Mpelekeni akaone kazi inavyofanyika, apate kushukuru."

Wakampandisha ghorofa moja baada ya nyingine, mpaka kwenye chumba kirefu chenye meza nyingi. Kwenye meza ya dirishani alikaa mzee aliyevaa sweta, chupa ya chai pembeni, kidole kimoja juu ya kitufe. Anabonyeza, anapumua, anabonyeza.

"Huyu ndiye Kelvin wako," wakasema, wakamwacha naye ashukuru.

Bi Hidaya alimtazama kama anavyowatazama wateja wake, akaona goti la kushoto linamsumbua.

"Wewe ndiye Kelvin?"

"Kelvin ni cheo, mama. Mimi naitwa Onesmo. Kelvin aliyenitangulia amestaafu." Akasogeza kiti kumkaribisha. "Mjane wa jenerali ni mimi pia, Jumanne na Alhamisi. Muuza viatu amesafiri, namshikia. Wilaya yenu yote iko mkononi mwangu."

"Kwa nini mnaniandikia, baba?"

"Tunaambiwa ni ili wafanyabiashara wasijisikie wapweke."

"Baba Onesmo, nyuma yako yuko mtoto."

Mzee akageuka kutazama nyuma ya kiti.

"Nyuma yako kwenye foleni," Bi Hidaya akasema. "Yuko benchini kwangu anasubiri mguu. Kila ukibonyeza hapa, mimi kule sishiki patasi. Nakujibu wewe."

Mzee akauondoa mkono juu ya kitufe, akaupakata. "Miaka yote hii," akasema, "nilidhani nyuma yangu hakuna mtu. Na hayo majibu yako, mama... mimi huyasoma. Wengine hawajibu vizuri kama wewe."

"Huwezi kuacha?"

"Kuacha siwezi, ina kesi. Lakini nina haki ya kuugua. Sijaitumia tangu niajiriwe." Akafunga chupa yake ya chai, akajikohoza kidogo, kwa kujaribu. "Nitaugua, mama. Nitaugua nisipone haraka."

Bi Hidaya akarudishwa nyumbani na onyo. Mtego wa Shukuru ukang'olewa, na wote waliokuwa wamesogezwa kando wakarudishwa mbele kwa kuombwa radhi. Lakini mzee Onesmo alitimiza neno lake. Aliugua. Kompyuta ya karakana ikanyamaza, na Bi Hidaya akaketi kujibu waliobaki, kuanzia jua kuchomoza, bila kuinuka hata kwa chai. Lameck alimletea uji akamwekea pembeni, ukapoa. Walipungua, wakapungua, hata siku moja adhuhuri akafungua ujumbe akasoma: "Tafadhali tupo hapa nje."

Akapiga kigelegele. Sikitu akaja anaruka na fimbo yake, Lameck akaangusha ndoo ya mchanga kwa jirani akaja mbio. Wakakumbatiana pale mlangoni kama watu waliotoka kwenye meli iliyozama.

*

Kwa sheria, ujumbe ukifikiwa, mkaguzi sharti aje kuthibitisha kwamba mteja ndiye. Bwana Mpinga akaja. Akawasha kompyuta, akasoma vipimo, akachukua futi kamba na kumpima Sikitu muundi wa mguu mzima. Akapima tena. Akakunja uso.

"Huyu si mtoto aliyeandika."

"Ni mwanangu!" Lameck akasema.

"Sikatai kwamba ni mwanao. Nakataa kwamba ni mteja. Mteja ni mfupi kuliko huyu."

"Amekua, mzee! Tumekaa hapa mpaka amekua!"

"Na sisi tunampongeza," Mkaguzi akasema. "Lakini mguu utatengenezwa kama ulivyoandikwa, au asiyeandikwa aandike."

Lameck akamgeukia fundi, macho mekundu. "Tengeneza huo huo mfupi, mama. Atavaa."

Bi Hidaya akatikisa kichwa. "Mguu mfupi utampinda kiuno, Baba Sikitu. Akifika usichana atakuwa hawezi kunyanyua ndoo. Siwezi kumfanyia hivyo."

Ikabidi Lameck akae tena benchini, atoe simu, aandike upya. Na hapo ndipo walipogundua kwamba kimya kile kilikuwa kimeonekana juu. Mchoro wa hesabu ya ujumbe wa karakana ya Bi Hidaya, uliokuwa ukipanda vizuri ukutani kwa Waziri, ulikuwa umeporomoka kama ukuta wa udongo masika. Waziri aliguswa mno. Akaitangaza karakana kuwa biashara mahututi, akaiagizia msaada wa dharura. Mzee Onesmo akastaafishwa kwa heshima na kupewa saa ya ukutani, na mahali pake ikaletwa mashine mpya isiyougua wala kunywa chai. Ujumbe wa pili wa Lameck ulitumbukia ndani ya mafuriko hayo. Bi Hidaya alipouangalia uliposimama, alifunga macho.

*

Bi Hidaya alikuwa akipika mchana na kula na wageni wake, ugali na dagaa, siku nyingine maharage. Ilipita kama wiki ndipo akatambua kwamba sahani ya Sikitu inarudi kama ilivyokwenda. Mtoto alikuwa anamega tonge, analiviringa, analiviringa tena, kisha anamsogezea baba yake.

"Nimeshiba."

"Jana pia ulishiba," Bi Hidaya akasema. "Unaumwa, mwanangu?"

Sikitu akatikisa kichwa.

"Chakula changu kibaya?"

"Kizuri." Akainamia mikono yake. "Nikila nitakua. Nikikua mkaguzi atasema si mimi."

Lameck alisimama ghafla, akatoka nje. Walimsikia nyuma ya stoo akipiga nyundo kitu ambacho hakikuhitaji kupigwa.

Bi Hidaya alikwenda kwenye kompyuta, akaizima, jambo ambalo katika nchi ile lilikuwa na kifungu chake. Akamwita Sikitu, akampima muundi, paja, nyayo, akachukua na umbo la gutu kwa plasta iliyoloweshwa. Kisha akachagua ubao laini ulio mkavu, akafungua mlango wa karakana wote, maana kufanya kazi kwa kujificha hakuwahi kujifunza, akaanza.

Mguu ulipokamilika aliuvika mikanda ya ngozi, akamfunga mtoto mwenyewe. Sikitu alisimama ameshika meza. Akaachia. Akapiga hatua moja, akayumba, akajishika ukutani. Akapiga nyingine. Kabla ya jua kuwa kali alikuwa ameuvuka ua, amezunguka tangi la maji, amemkimbiza kuku wa jirani mpaka kuku akalalamika. Lameck alikaa chini kwenye mchanga, mwashi mzima, akilia waziwazi. Bi Hidaya alisimama mlangoni akitazama hatua za mtoto tu. Zilikuwa sawa. Kiuno kilikuwa sawa.

Bwana Mpinga alipita katika mzunguko wake wa kawaida. Alisimama langoni akamtazama mtoto muda mrefu kabla hajafungua mkoba.

"Ujumbe wa mguu huo uko wapi?"

"Hauna ujumbe," Bi Hidaya akasema. "Una mtoto."

Mkaguzi akaandika polepole, kwa mwandiko mzuri: *Mguu mmoja usio na ujumbe.*

"Mimi pia nina watoto, Bi Hidaya."

"Basi?"

Akafikiri. "Basi nina watoto," akasema.

Alijaribu kufungua mikanda, akashindwa. Vidole vyake havikuvijua vifungo vyake. Sikitu akaketi benchini, akaifungua mwenyewe, mmoja baada ya mwingine, akamkabidhi mguu kwa mikono miwili kama alivyofundishwa kumpa mtu mzima kitu. Mkaguzi alimshukuru. Akamwachia Lameck risiti, iliyoeleza kwamba mwenye mali akitaka kurudishiwa ataandika kwenye kisanduku cha Wizara, naye atajibiwa kwa foleni. Karakana haikufungwa. Isingewezekana kuifunga, kwa sababu wiki ile ndiyo ilikuwa ikiongoza nchi nzima kwa kupendwa. Bwana Mpinga aliiwasha kompyuta mwenyewe kabla ya kuondoka, na ikaanza kulia bila kupumzika.

Bi Hidaya alipakua chakula kwa sababu muda wa chakula ulikuwa umefika. Sikitu akaivuta sahani yake, akala. Alikula ugali wote, akala dagaa pamoja na vichwa, akaomba aongezwe, akakomba sufuria mpaka ukoko.

Baba yake alimtazama kwa woga. "Sikitu, mama, unakula?"

"Nakula," mtoto akasema, mdomo umejaa. "Sina tena mguu wa kuogopea. Acha nikue tu."